Kashata Bado Zipo

Ubavuni mwa kila tairi kuna maandishi, na sijawahi kukutana na mtu anayeyasoma kwa kujiburudisha. Sisi ni watu wa kusoma kila kitu. Tunasoma khanga ya jirani akipita, tunasoma mgongo wa daladala, tunasoma hadi karatasi iliyofungiwa karanga. Lakini tairi tunalipiga teke moja, tunaridhika kwamba lina upepo, tunaondoka. Mimi mwenyewe, ambaye hapa nimezoeleka kwa kupekua riwaya za watu, nilianza kusoma matairi mwezi wa tatu, tena kwa kulazimika.

Mama anasafishwa figo mara tatu kwa wiki. Tunakaa Kibaha na hospitali iko mjini. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 80. Kwa wiki ni 240, kwa mwaka zinapita 12,000, na zote ni lami, ukiacha mita mia tatu za vumbi kutoka nyumbani hadi barabara kuu. Tunatumia pikapu ya Baba, Hilux ya milango minne, kwa sababu ndiyo iliyopo, na kwa sababu Mama akitoka kwenye mashine baada ya saa nne hana nguvu ya kugombea siti na mtu.

Sasa, Baba alikuwa bwana shamba wilayani Kilombero. Aliyewahi kufika bonde lile masika hahitaji maelezo. Asiyewahi, aseme tu kwamba ule udongo mweusi ukilowa hushika kiatu ukakivua mguuni, na kwamba kabla ya daraja, mto wenyewe ulivukwa kwa pantoni. Gari la mtu wa kazi kama yake lilivikwa matairi ya tope, yale ya M/T, yenye vitofali vinene kama kashata za nazi. Kweli mafundi wanaziita hivyo hivyo, kashata. Baba alistaafu, akajenga Kibaha, akabaki na ekari zake za mpunga Mngeta ambazo alikuwa akizifuata kila msimu. Halafu magoti yakagoma. Gari likalala chini ya mwembe, likitoka Jumapili na siku za misiba, mpaka Mama alipoanza kuumwa.

Kwa hiyo nilikabidhiwa gari zima kabisa lenye matairi yasiyolika. Kila nililomweleza Baba kuhusu matairi yale, jibu lilikuwa moja: "Kashata bado zipo, mama." (Nimerithi jina la mama yake, ndiyo maana ananiita hivyo, akiniita kwa jina langu la shule ujue kuna kesi.) Na alikuwa anasema kweli. Alichukua sarafu ya shilingi mia akaichomeka katikati ya vitofali, ikazama karibu nusu. Sheria za nchi nyingi humtaka mtu abadilishe kashata zikibaki milimita 1.6, na ndani ya mifereji ya tairi kuna vijinundu vidogo vilivyowekwa hapo kuonyesha kimo hicho. Ya Baba yalikuwa na milimita kumi na moja.

Shida haikuwa kimo. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi haioshi lami mara moja. Kwanza inachanganya vumbi na mafuta yaliyodondoka miezi yote, barabara ikawa kama bamia. Siku hiyo tulikuwa tunarudi, tumepita Mbezi, spidi yangu hamsini tu, bajaji ikasimama mbele. Nikakanyaga breki mapema, na gari likaendelea na safari yake. Halikuyumba wala kupiga kelele, liliteleza tu kistaarabu kama linakwenda kumwamkia mtu, likasimama mkono mmoja kutoka kwenye bajaji. Mama alikuwa amesinzia nyuma, bandeji mkononi. Akafumbua macho akauliza, "Tumefika?"

Nikamwambia bado kidogo.

Usiku ule nikachukua tochi ya simu nikaenda kuyasoma. Kwenye ubavu kulikuwa na LT265/65R17 120/117Q. Nitalifafanua fungu hilo kwa sababu ukishalijua unaweza kusimama duka lolote bila kuchezewa. Hiyo 265 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni asilimia: kimo cha ubavu ukilinganisha na huo upana. R maana yake nyuzi za ndani zimepita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, namna ambayo Michelin waliisajili mwaka 1946 na ambayo leo magari madogo karibu yote duniani yanaitumia. 17 ni rimu, kwa inchi. Nambari 120 ni fumbo la uzito: ukilitafuta kwenye jedwali lake unapata kilo 1,400 kwa tairi moja, na 117 ni kilo 1,285 pale matairi yanapofungwa mawili mawili upande mmoja kama kwenye lori. Q ni mwendo, ukomo kilomita 160 kwa saa. LT mwanzoni inasema kwamba hili ni tairi la gari la mizigo mepesi: ubavu mgumu, plai nyingi, linataka upepo mwingi.

Halafu kuna herufi DOT na mkia mrefu wa tarakimu, na mwisho wa mkia kuna nne zinazojitegemea. Kwetu zilikuwa 4113. Wiki ya 41 ya mwaka 2013.

Tangu mwaka 2000 tairi huandikwa hivyo, wiki na mwaka wa kuzaliwa. Mpira huzeeka hata ukilala. Joto, jua na hewa huufanya mgumu, na jua la Kibaha halina mapumziko hata chini ya mwembe. Watengenezaji wengi wa magari husema tairi lianze kuhesabiwa uzee baada ya miaka 6. Watengenezaji wa matairi wenyewe huweka ukomo wa mwisho kwenye miaka 10, hata kama kashata zimejaa tele. Nilipokunja shingo nikamulika kwenye mzizi wa vitofali, nikaona nyufa nyembamba zimetapakaa kama kisigino cha mtu wa kiangazi.

Na hata yangekuwa mapya, yasingekuwa yetu. Tairi la tope limechongwa kwa ajili ya kitu laini. Vitofali vyake vimeachana ili tope liingie katikati, libanwe, kisha lirushwe nje gurudumu linapozunguka. Ndiyo maana lilimtoa Baba mahali ambapo wengine walilala. Lakini kwenye lami hakuna cha kung'ata. Lami inagusana na vichwa vya vitofali tu. Yale mapengo yote ni mpira ambao haupo. Vitofali virefu hujikunja kila ukifunga breki au ukikata kona, halafu hupigapiga barabara moja baada ya kingine, ndipo unapopata ule mvumo wa nyuki wanaohama. Ndani ya gari letu, kuanzia spidi sitini, tulikuwa tunaongea kwa kupayuka au hatuongei.

Tairi la lami, H/T, limeumbwa kinyume chake: mbavu ndefu zinazozunguka karibu bila kukatika, mifereji mitatu au minne mirefu ya kutoa maji, na juu ya mbavu mikato myembamba kama ya wembe. Usiidharau ile mikato. Kila mmoja ni ukingo mwingine wa kushika barabara iliyolowa.

Nikaandika haya yote kwenye kundi la familia la WhatsApp, na ndani ya robo saa nikajuta kuwa na ndugu wengi. Kaka yetu wa Mbeya akasema tununue ya mtumba ya Japani, laki na nusu kila moja, "yana hali". Nilikwenda kuyatazama. Mazuri kweli, kashata nene, mikato mingi, mpira mlaini hadi unaingia kucha. Ubavuni limeandikwa STUDLESS na karibu yake kuna maandishi ya Kijapani. Hilo ni tairi la theluji. Ulaini wake ni wa makusudi, ili lisigande kwenye baridi. Ukilipeleka kwenye lami ya mchana wa Dar linakuwa kama ubani mdomoni, linajivuta, linaisha upesi. Aliyelitoa Yokohama hakumdhulumu mtu, lilikuwa limemaliza kazi yake kule.

Mdogo wangu wa Mwanza akapendekeza tununue mawili sasa na mawili Desemba, mapya yakae mbele kwenye usukani. Wengi wanaamini hivyo, na wauzaji huwaachia. Ushauri wa watengenezaji ni kinyume: yakiwa mawili tu, mapya yakae nyuma, kwa sababu mbele ikiteleza unahisi na unapunguza mwendo, lakini nyuma ikiteleza gari linageuka kabla hujajua unafanya nini. Lakini kwetu hata hilo lisingetosha. Huwezi kuweka lami mbele na tope nyuma ukatarajia gari liwe na akili moja.

Baba hakuandika kitu kwenye kundi. Kesho yake asubuhi, tukinywa chai, akasema taratibu: "Haya yanabeba kilo 1,400. Hayo unayotaka wewe yanabeba ngapi?"

Nikamwambia 1,120.

"Kwa hiyo unanunua udhaifu."

Hesabu ya kumjibu ilikuwepo. Matairi manne ya 1,120 yanabeba kilo 4,480, na pikapu yetu ikiwa imejaa mpaka juu haifiki huko. Mama ana kilo 52, na akitoka kwenye mashine amepungua mbili. Nilizisema zote, isipokuwa ile ya mwisho. Baba akasikiliza kwa adabu, akaongeza sukari kwenye chai ambayo ameshakatazwa, akasema: "Mvua zikikatika nataka niende Mngeta. Na matairi hayo nitafikaje?"

Hapo ndipo nilipoelewa tulikuwa tunabishania nini.

Mama hawezi kukaa mbali na mashine zaidi ya siku mbili tatu. Baba hawezi kumwacha. Magoti yake hayawezi kuvuka jaruba. Watu wote nyumbani walilijua hilo, tangu mwaka jana, na hakuna aliyewahi kulisema. Mbegu za mpunga ziko kwenye gunia stoo. Jembe la kukokotwa limepakwa grisi. Kila mwisho wa mwezi Baba hupiga simu kuuliza kama nguruwe pori wameingia. Gari lilikuwa limesimama tayari kwa safari hiyo, miguu imevaa buti, na mimi nilikuwa nakuja kulivua buti nilivalishe ndala za mjini.

Kuna njia ya katikati, A/T, ya nusu vumbi nusu lami, na wauzaji wanaipenda kuliko zote. Muuzaji wa kwanza, upande wa Gerezani, alinionyesha moja yenye herufi nyeupe ubavuni, akaipigapiga kama ng'ombe wa mnada. "Dada yangu, hili ndilo la kiume." Nilivutiwa, sikatai. Si kwa uume wake, bali kwa sababu lingeniwezesha kurudi nyumbani na kitu ambacho Baba angekitazama akaona bado kuna njia ya Mngeta. Nililala nalo siku mbili. A/T ni tairi la haki kwa mtu anayeacha lami kila wiki, mfugaji wa Chalinze, mkandarasi, muuza mkaa. Sisi tungelipia uzito wake, mafuta yake na breki zake ndefu kidogo kwenye maji, kilomita elfu kumi na mbili kwa mwaka, kwa ajili ya safari ambayo haitakuwepo. Na zile mita mia tatu za vumbi, H/T inazipita ukienda polepole.

Duka la pili, ambalo sitalitaja, muuzaji aliniwekea H/T saizi yetu. "Mpya kabisa, tazama, hata vinyweleo havijatoka." Vile vinyweleo vya mpira hutokana na matundu ya kutolea hewa kwenye kalibu, tairi likikaa stoo miaka minane litakuwa navyo bado. Nilitafuta tarehe sikuiona. Mkia kamili wa DOT huandikwa ubavu mmoja tu, na ule ubavu ulikuwa umelazwa chini. Nikamwomba anigeuzie. Akaniuliza kama mimi ni wa TBS. Nikamjibu mimi ni mwandishi wa mapitio ya vitabu, na hilo nadhani lilimtisha zaidi. Lilikuwa na miaka mitano. Tukaagana vizuri.

La tatu niliambiwa laki nne na nusu kila moja. Milioni moja na laki nane kwa manne, kabla ya kushusha. Nikawaandikia ndugu zangu kwenye kundi: sitaki maoni, nataka pesa. Zikaja, kwa mafungu, na fungu la mwisho lilitoka mahali nisipopategemea. Baba aliuza gunia la mbegu.

Hakuniambia. Nililiona pengo stoo nilipoingia kuchukua jeki.

Siku ya kufunga akasema anakuja. Alivaa shati la kazini, lile la khaki lenye mifuko minne. Dukani akaamkiwa shikamoo na vijana wote, akaitikia mmoja mmoja, kisha akachuchumaa (na yale magoti!) akapitisha kidole kwenye mifereji ya H/T, akageuza tairi mwenyewe, akatafuta DOT, akasoma kwa sauti: wiki ya ngapi, mwaka gani. Mwaka huu huu. Akauliza plai. Akauliza limetengenezwa wapi. Muuzaji akasema Thailand, na Baba akawaeleza wale vijana, ambao hawakuwa wamezaliwa au walikuwa watoto, kwamba yeye alifunga matairi ya General Tyre kutoka Arusha, na kwamba kiwanda kile kilikuwa na mashamba yake ya mpira, moja Kihuhwi kule Muheza, jingine Kalunga, Kilombero hiyo hiyo. Alishawahi kuona utomvu ukichuruzika kwenye vikombe. Uzalishaji ulisimama 2009. Wenzetu wa Nairobi nao, kiwanda kilichokuwa kikitoa Yana kilifungwa 2016. "Sasa tairi linasafiri kwa meli kuja kukanyaga udongo unaoweza kuota mpira," akasema, na mjaza upepo akasema, "Kweli mzee," huku akitafuta mpira wa kompresa.

Mimi nilikuwa namchunga huyo mjaza upepo. Wana tabia ya kusoma MAX ubavuni mwa tairi wakajaza mpaka hapo, na MAX ni kikomo cha tairi, si kipimo cha gari. Kipimo cha gari kimebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Tairi la LT lilikuwa linataka upepo mwingi na mkono wa fundi umezoea. Nikamwonyesha kibandiko, akapunguza. Akabalansi yote manne, tukafanya alaimenti, tukamaliza saa saba.

Fundi alitaka kununua ya zamani, elfu arobaini kila moja. "Kashata bado zipo," akasema, na Baba akanitazama kwa jicho la ushindi. Nilikataa kuuza, kwa sababu yangefungwa kwenye gari la mtu mwingine mwenye mama yake kiti cha nyuma. Baba naye alikataa, kwa sababu zake. Tukayapakia. Nilidhani yatafaa katambuga, nikamwonyesha mshonaji mmoja Kibaha. Akabonyeza, akatikisa kichwa. Yana nyaya za chuma ndani, yanaua kisu. Yeye anatafuta yale ya nailoni ya zamani. Mawili sasa yako uani, moja Mama amepanda mchaichai. Mengine mawili Baba ameyalaza stoo, pale lilipokuwa gunia.

Lakini siku ile, kutoka dukani tulipitia hospitali kumchukua Mama. Baba akakaa mbele, yeye nyuma. Tairi jipya lina ute wa kiwandani, kilomita mia chache za mwanzo inabidi kwenda kwa upole, kwa hiyo nilishika njia ya pembeni. Tulipopita Kimara, kwenye zile njia nane, nikafika sitini, nikafika sabini. Nikasubiri mvumo. Nilisikia injini, kidogo upepo wa dirishani, na mlio mdogo ambao baadaye niligundua ni wa kiti changu.

"Gari limezimika?" Mama akauliza.

"Linakwenda," nikamwambia.

Akakaa kimya kama kilomita mbili. Halafu akasema, kwa sauti yake ya kawaida ya jikoni, bila kupayuka: "Baba fulani, lile shamba la Mngeta mwaka huu utampa nani alime?"

Kwa miaka yote ndani ya gari lile Baba alikuwa na haki ya kutosikia. Nikamwona anainua mkono kuelekea sikioni, kama anavyofanya, kisha anaushusha. Tukapita Mbezi. Tukapita Kibamba.

"Ekari mbili za juu nampa mtoto wa dada," akasema. "Za chini, zinazoshika maji, hizo sijui."

"Za chini mpe yule kijana wa pampu," Mama akasema. "Ana mke mchapakazi."

"Yule hana subira."

"Atakuwa nayo."

Wakaendelea hivyo, jaruba kwa jaruba, nani alikopa nini, mfereji gani umejaa mchanga, mpaka nilipowasha indiketa kukata kona ya nyumbani na vumbi likaanza.